Tangulia Wewe

1

Nilipofika mferejini na karai la vyombo nilikuta hakuna maji. Mawe bado yalikuwa na utelezi wa kijani, na kaa mmoja mdogo alikuwa anazunguka huku na huku kama mtu aliyerudi kwake akakuta pamefungwa. Nilimwokota, nikamtia kwenye karai pamoja na maji kidogo niliyokuwa nimebeba kwenye kibuyu. Kisha nikapanda hadi kwenye ndiva.

Ndiva yetu ya Mkokoa ni bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu juu ya mashamba ya tangawizi. Zipo nyingine kama hiyo mlima mzima, na zote hupata maji kutoka chanzo kimoja, kwa zamu. Zamani mlango wa ndiva ulikuwa gogo lililozibwa kwa majani ya mgomba, na mwenye zamu alilichomoa kwa mikono yake. Siku hizi mlango ni wa chuma, hauna mpini wala tundu la ufunguo. Unafunguliwa na sanduku dogo lililopachikwa kwenye jiwe. Sanduku huzungumza na wenzake wa ndiva nyingine, na wale huzungumza na wenzao, mpaka mahali ambapo mimi sipajui. Huo ndio tunaouita Ushirika.

Niligusa sanduku kwa kidole gumba, nikaliuliza kama zamu yetu imefika.

"Nasubiri jirani atangulie," likasema.

Nililiuliza jirani yupi, likataja ndiva ya Irindi. Nikalishukuru. Wajukuu hunicheka kwa kulishukuru sanduku, lakini sauti yake ni ya adabu, na mimi siwezi kumpa kisogo mwenye adabu, hata kama si mtu.

Jana yake lilikuwa limejibu hivyo hivyo, na juzi yake pia. Na upande wa pili wa mlima, kwenye korongo lisilo na shamba wala nyumba, tulikuwa tunayasikia maji yakianguka. Chanzo kikikosa mwenye zamu humwaga maji kule ili yasije yakabomoa mifereji. Hatukuwa na ukame, kwa hiyo. Tulikuwa na maji mengi yanayoenda kwa asiyeyahitaji, na sisi tukiyasikiliza.

Kina mama wenye nguvu walishuka korongoni na madumu, wakapanda nayo mgongoni huku wakishika mizizi. Kila aliyepita mlangoni kwangu aliniachia dumu dogo, na hakuna aliyeniambia kwamba amefanya hivyo. Nilikuwa nayakuta tu kizingitini. Maji ya kunywa hayakunipungukia. Lakini mwanangu Eliewaha alikuwa amelala zahanati, na yeye hakuwa anahitaji maji ya kunywa.

Figo zake zilichoka zamani. Anaishi kwa mashine inayoisafisha damu yake, pale pale zahanati ya Mkokoa, na ni yeye peke yake anayeitumia. Umeme wake unatoka kwenye gurudumu linalozungushwa na mfereji, na maji yake hutoka mfereji huo huo. Maji yalipokatika, Nesi Rukia alichemsha ya madumu, akayachuja kwa kitambaa kipya alichokuwa ameweka kwa ajili ya mwanawe, akaipa mashine. Mashine ilikataa. Ilisema hakuna mwanachama wa Ushirika aliyeyatolea maji yale ahadi. Rukia aliibembeleza mpaka betri ya akiba ikaisha, nayo ikazimika ikiwa bado inakataa.

Asubuhi ile nilipombonyeza Eliewaha mguu, alama ya kidole changu ilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Alikuwa na kiu, lakini mgonjwa wa figo hapewi maji mengi. Rukia alikuwa anamlowesha midomo kwa pamba, akimwita shemeji, akimtania kwamba akipona atamlipisha mbuzi kwa kila pamba.

"Basi nitabaki bila mbuzi," alisema Eliewaha, "maana unalowesha kama unanyunyizia kabichi."

2

Nietiwe alifika zahanati jua likiwa limekwisha kupanda. Ni binti yake Eliewaha, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe. Alikuja kwa miguu kutoka tambarare, kwa sababu gari dogo la zahanati nalo huchajiwa na lile gurudumu. Aliniamkia, akapiga magoti, akaichua miguu ya baba yake kwa muda mrefu. Kisha akaniomba maharage.

Niliingia jikoni kwa Rukia nikamletea bakuli. Tulikuwa tumekaa barazani, Eliewaha akiwa ameegemea ukuta juu ya mkeka, na Nietiwe akaanza kuyapanga maharage mbele yetu kama alivyokuwa akifanya utotoni nilipokuwa namfundisha kuhesabu.

Kazi yake ni kuthibitisha. Alikwisha kunieleza mara nyingi, na kila mara kwa uvumilivu, kwa hiyo sasa naweza kueleza na mimi. Chochote kinachotaka kuingia Ushirika, liwe sanduku la ndiva, mashine ya hospitali au taa ya barabarani, lazima kilete ahadi yake. Ahadi ina pande mbili: nini kinategemea kutoka kwa wengine, na nini kitawapa wengine. Nietiwe na wenzake hawakai kuwachunga wanachama, kwa sababu hakuna anayejua ni wangapi. Wanaingia na kutoka bila kupiga hodi. Kina Nietiwe hufanya hesabu juu ya ahadi zenyewe, waonyeshe kwamba ahadi ya huyu ikiunganishwa na ya yule halitatokea lile baya linaloogopwa, leo wala kesho, hata akiingia mwanachama ambaye bado hajatengenezwa. Hesabu ikishakamilika huitwa uthibitisho, na watu huweka roho zao juu yake.

Baya lililoogopwa hapa kwetu tulilijua. Mama yake Nietiwe, Navoneiwa, alikuwa ameinama ndani ya mfereji akiusafisha na wanawake wenzake siku ya kazi ya pamoja. Mtu wa ndiva ya juu akachomoa gogo bila kuuliza. Ng'ombe wake walikuwa na kiu, hakuwa na neno moyoni. Navoneiwa alipatikana chini kabisa, karibu na barabara. Nietiwe alikuwa bado hajaota meno ya mbele ya pili.

Ndiyo maana milango yetu haina mipini. Sisi wenyewe tuliomba isiwe nayo. Na ndiyo maana neno la kwanza la ahadi ya kila ndiva ni kwamba haitafungua mpaka walio chini waseme mfereji hauna mtu. Tangu siku hiyo hakuna aliyezama. Watoto wanacheza katika mifereji mikavu na mama zao hawainui hata shingo kuwatazama.

Rukia aliuliza kwa nini vijana wasiende kuvunja mlango kwa nyundo. Nietiwe alisema mlango ukivunjwa, masanduku yote ya chini yatamwona mwenzao ameasi, nayo yatafunga na kuyarudisha maji korongoni. Na kama kuna watoto mferejini, hayatawawahi wote.

Kisha akatuonyesha kosa lenyewe.

Mlimani kwetu aliyejiunga na mfereji mwisho ndiye hupewa zamu ya kwanza. Ndivyo tulivyolelewa, hatumpangi mgeni kwenye foleni. Wazee wa kila ndiva walipoulizwa na sanduku waseme ahadi yao, waliliweka neno hilo pia: hatutachukua zamu kabla ya mgeni wetu. Nietiwe alilipima, akaona halimdhuru mtu, akalipitisha. Mwaka huu ikajiunga ndiva ya Irindi. Mzee wao, Elinihaki, naye akaulizwa. Kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, alisema hawatachukua zamu kabla ya wenyeji wao. Nietiwe akalipima hilo nalo. Halikumdhuru mtu.

Wakati wa mvua maji yalikuwa mengi, hakuna aliyehitaji zamu. Mvua zilipoisha, zamu zikaanza, na ya kwanza ilikuwa ya Irindi.

Aliweka harage moja upande huu, mengine upande ule. "Hawa wanamwambia, tangulia wewe. Na huyu anawaambia, hapana, tangulieni ninyi. Na wote wanasema kweli, na wote wanatimiza walichoahidi."

Niliwahi kuona wakwe wawili mlangoni pa nyumba ya msiba wakifanya hivyo mpaka chakula kikapoa. Lakini wakwe huchoka, mmoja akaingia. Masanduku hayachoki.

Eliewaha alicheka, kicheko kidogo kilichoishia kwenye kikohozi. "Kwa hiyo tunakufa kwa adabu," alisema.

Nietiwe hakucheka. Aliyakusanya maharage yote mkononi. "Baba, nilithibitisha kwamba hakuna atakayezama. Sikuthibitisha kwamba kuna atakayekunywa. Yanaonekana kama jambo moja, lakini ni mawili, na la pili sikuliuliza."

Baba yake alimwambia aje akae karibu. Akakaa. Rukia akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji akamwekea mkononi, akaukunja mkono wake juu ya kikombe kama mtu anayemfundisha mtoto kushika.

Nilimuuliza Nietiwe kwa nini asibadilishe ahadi ya ndiva yetu tu. Alisema anayetaka kubadilisha ahadi lazima kwanza aachiwe na wote wanaomwegemea, na Mkokoa inaegemewa na wengi mno. Kuna kiwanda cha barafu pwani, kuna daraja la kuinuliwa, kuna kitu kilichojiandikisha kutoka ng'ambo ya ziwa ambacho hata yeye hajui ni nini. Alikuwa ameviomba tangu juzi viachie. Vingine vilijibu. Vingine vilikwisha kufa, na kilichokufa hakiachii. Ndiva nyingine zilikuwa hivyo hivyo. Irindi peke yake, kwa kuwa ni mpya, inaegemewa na wachache.

"Basi tuwaombe Irindi," nilisema.

Alisema Irindi ikiiondoa ahadi yake itatolewa nje ya Ushirika mpaka ithibitishwe upya, na foleni ya kuthibitishwa ni ndefu, haitafika kwao kabla ya mavuno. Watapoteza tangawizi yote. Nikamuuliza kama Mzee Elinihaki anaweza kukataa.

"Hawezi, Bibi. Ndiyo maana mimi siwezi kwenda kumwomba."

Nililifikiria hilo nikimtazama mwanangu. Mtu asiyejua kukataa, ukimwomba umemwomba, au umemnyang'anya? Nilichukua fimbo yangu nikamwambia Nietiwe anionyeshe njia fupi.

3

Tulimkuta Mzee Elinihaki akimwagilia miche yake ya tangawizi kwa kikombe, mmoja mmoja, maji yaliyobebwa kutoka korongoni. Kila mche aliuinamia kama anayeunong'oneza. Alipotuona aliacha, akanawa, akatuletea kiti kimoja alichokuwa nacho na kumtandikia Nietiwe gunia. Kisha akachota kikombe cha maji kwenye mtungi, akauinamisha mtungi kidogo ili apate, akanipa kwa mikono miwili.

Nilimwambia aanze yeye, amefanya kazi juani. Alisema, wewe umepanda mlima, dada. Nikamrudishia kikombe. Akanirudishia. Nikamwambia mwenye nyumba ndiye huonja. Akasema mgeni ndiye hutangulia, tangu lini mambo yamebadilika?

Nilisikia Nietiwe akivuta pumzi. Alikuwa anakitazama kile kikombe, kisha akageuza uso. Ndipo na mimi nikaona alichokuwa anakiona.

Nikanywa. Nilikunywa mpaka mwisho, na sikuwa na kiu.

Kisha nikamweleza. Nilimweleza yote, pamoja na mavuno, nikamwambia asinijibu haraka. Alikuwa ameitikia kabla sijamaliza. Alisema Eliewaha ndiye aliyemsaidia kuezeka nyumba ile mwaka aliofiwa na mkewe, na alikuja na misumari yake mwenyewe. Nikamwambia hiyo ilikuwa misumari, hii ni tangawizi ya watu wote wa Irindi. Akasema basi tuwasubiri wenyewe.

Kina mama walipanda kutoka korongoni na madumu, wakayatua. Mzee akawaambia. Walikaa juu ya madumu yao. Kisha mmoja, binti wa kaka yake aitwaye Nanzia, mwenye mtoto mgongoni, alinigeukia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nina watoto. Huyu mzee hana cha kupoteza isipokuwa miche. Umemwomba yeye kwa sababu unajua atasema ndiyo."

Nilimwambia ni kweli.

Alimtazama Nietiwe, akayatazama madumu. Alimshusha mtoto mgongoni, akamfunga upya, polepole, kama anayetaka kazi ile isiishe. "Basi, wapeni," alisema. "Lakini msije mkasema hatukuumia."

Wengine hawakupinga. Mmoja aliuliza kama sisi wa Mkokoa tutawaacha wachote kwetu, nikasema hata mkisomba usiku na mchana. Mwingine alisema mababu walichimba mifereji kwa majembe kabla ya masanduku, na majembe bado yapo.

Mzee Elinihaki akaliendea sanduku lake. Alilifuta vumbi kwa kiwiko, akaligusa kwa kidole gumba, akasema anaiondoa ahadi yake.

"Nimesikia," likasema sanduku. "Nawaomba wanaoniegemea waniachie."

Tulikaa tukasubiri. Liliwataja mmoja mmoja kadiri walivyoachia. Mkokoa ikaachia, ndiva nyingine zikaachia, taa za njia ya shule zikaachia. Nietiwe alikuwa amekunja vidole, anavikunjua kwa kila jina. Kisha sanduku likanyamaza.

"Amebaki mmoja. Mashine ya damu, zahanati ya Mkokoa. Haijibu."

Nietiwe alikaa chini, juu ya udongo, na nguo zake safi.

Alitueleza kwamba Irindi ilipojiunga ilileta kichemchemi chake kidogo, chenye maji safi kuliko ya chanzo, nayo ikaahidi usafi huo. Mashine ikajiegemeza huko yenyewe bila kumwambia mtu, kama wanachama wanavyoruhusiwa kufanya. Ilifanya hivyo kwa ajili ya mgonjwa wake; ilikuwa inamtafutia maji mazuri zaidi. Sasa ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, na umeme ungerudi maji yakirudi, na maji yangerudi ikiachia.

"Kuna njia ya mashine iliyolala kuachia?" nilimuuliza Nietiwe.

"Kuna moja. Mgonjwa wake anaweza kuachia kwa niaba yake."

"Kisha itakuwaje?"

"Maji yatakuja kwa wote. Mashine itawaka, lakini haitakuwa na maji ya kuegemea. Haitamsafisha mtu yeyote mpaka ithibitishwe upya."

4

Tuliporudi zahanati Nietiwe hakumwambia baba yake. Aliketi kwenye ngazi na kibao chake cha hesabu juu ya magoti, akawa anaandika, anafuta, anaandika. Rukia alimletea chakula, akakiondoa kikiwa kimepoa, akaleta kingine. Eliewaha alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi.

"Mama, ni nini?"

Sijawahi kumdanganya. Hata alipokuwa mdogo na baba yake akafariki, nilimwambia nikiwa nimemshika, sikumwambia amesafiri. Nilikaa mkekani nikamweleza. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nikiachia, wote watapata?"

"Wote isipokuwa Irindi. Na wewe."

"Basi nimepata jirani mzuri," alisema.

Nietiwe alisikia, akaja akapiga magoti. Alimwomba asiguse kitu. Alisema ampe mpaka kesho, ataithibitisha mashine mwenyewe, hatalala. Baba yake akamuuliza kazi hiyo huchukua muda gani. Katika kazi yake hasemi asichoweza kukionyesha, na kwa baba yake hakuweza pia. Eliewaha akamgeukia Rukia, akamuuliza yeye ana muda gani. Rukia alisema siku mbili, labda na kidogo, kisha akainuka akaenda kupanga dawa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Kulikuwa na hospitali tambarare yenye mashine kama ile, lakini iko katika ushirika mwingine, na foleni yake tuliijua. Rukia alikuwa amepeleka ujumbe tangu jana. Haukuwa umejibiwa.

"Sikiliza, mama," Eliewaha alimwambia binti yake. Huwa anamwita mama, kwa kuwa amechukua jina la mama yangu mzazi. "Mama yako tulimpoteza kwa sababu mtu hakusubiri. Sasa watu wanaumia kwa sababu ya kusubiri. Uthibitisho wako hauna kosa. Hakuna aliyezama."

"Sikuuliza la pili, Baba."

"Utaliuliza. Utaliuliza kwa wengine."

Nietiwe aliweka kichwa chake juu ya miguu ile iliyovimba na akakaa hivyo. Mimi nilitafuta neno la kusema. Nimeishi miaka mingi na nimewatuliza watu wengi, waliofiwa, waliozaa wafu, waliounguliwa na nyumba. Nilitaka kumwambia mwanangu asiachie. Nilitaka kumwambia mlima ukauke. Nikakumbuka kizingiti changu na yale madumu madogo, nikashindwa kusema hata hilo.

Rukia alileta kibao kidogo cha mashine. Eliewaha alinyoosha mkono, lakini vidole vilikuwa vimevimba, na kidole gumba kikateleza pembeni. Alijaribu tena. Kikateleza tena. Alinitazama.

"Nisaidie, Mama."

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha kuandika, nikiushika mkono wake kwa nyuma, kidole changu juu ya chake. Niliushika hivyo hivyo. Sikusukuma. Yeye ndiye aliyesukuma, lakini mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wake, nami sitasema kwamba haukuwapo.

Kwanza tulisikia korongo likinyamaza. Tulikuwa tumezoea ile sauti, hata kimya chake kikatushtua. Kisha sanduku la Mkokoa likauliza walio chini kama mfereji una mtu. Tukasikia mama mmoja akiwaita watoto, na watoto wakijibu kwamba wametoka, na mwingine akirudi kuchukua kiatu, na sanduku likimsubiri. Halikuwa na haraka. Mtoto alipotoka na kiatu chake, mlango ukafunguka.

Nilikwenda na karai langu nikamwachia yule kaa. Hakuonyesha kushangaa. Aliingia chini ya jiwe lake.

Gurudumu lilianza kuzunguka na taa za zahanati zikawaka, na mashine nayo ikawaka. Ilisema inasubiri maji yenye ahadi. Rukia aliifunika kwa shuka.

Gari la kumpeleka Eliewaha hospitali ya tambarare lingehitaji kutwa nzima kuchajiwa, na hatukuwa na kutwa ya kungoja. Vijana wa Mkokoa walifunga miti miwili kwenye kiti cha Rukia cha kuegemea, na kabla hawajakinyanyua walitokea wanaume wa Irindi, wamekuja bila kuitwa, Mzee Elinihaki akiwa mbele yao na nguo yake ya kanisani. Wakagawana mabega. Nietiwe alitembea upande wa kulia wa baba yake. Mimi nilifuata nyuma kwa kadiri ya miguu yangu, na Rukia alikuwa na mfuko wa pamba.

Njia ya kushuka inafuatana na mfereji. Waliokuwa wanapanda na madumu walijibana kwenye miiba kutupisha. Nanzia alikuwa miongoni mwao. Alitua dumu lake, akawanywesha wabebaji mmoja mmoja kwa kikombe bila wao kusimama, akitembea kinyumenyume mbele yao. Alipofika kwa Eliewaha alichovya kidole akamlowesha midomo, kama aliyeambiwa na Rukia, ingawa sikumwona Rukia akimwambia.

Pale penye gogo la kuvukia mfereji, ambapo hupita mmoja mmoja, tulikutana na kundi la watu wa ndiva ya chini waliokuwa wanakuja kutazama maji. Walisimama upande wao. Wabebaji wetu nao wakasimama, kwa mazoea. Mtu wa upande ule alituashiria kwa mkono. Kijana wetu wa mbele, bila kufikiri, akaashiria naye. Tukabaki hivyo, kiti kikiwa mabegani, na kila upande ukiusubiri mwingine.

"Sisi kwanza," alisema Nietiwe.

Hakupaza sauti. Lakini sijawahi kumsikia akisema hivyo maishani mwake, na sijui kama kuna mtu mlimani kwetu aliyewahi kusema. Kijana wa mbele alikanyaga gogo. Wakaanza kuvuka, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, na Eliewaha akishika mti kwa mkono mmoja na mkono wa binti yake kwa mwingine.

Maji yalipita chini yetu tukiwa bado katikati ya gogo, yakatutangulia kwenda tambarare.